Saratani ya Titi na Usingizi Usioulizwa

Usingizi wa watu wa Bonde la Kilombero, Tanzania, umewahi kuwashughulisha wakubwa mara mbili, na mara zote mbili aliyewashughulisha hasa alikuwa mdudu. Miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza uliwahamisha wakazi wa sehemu za bonde hili na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Baadaye ikafika zamu ya mbu. Maabara ndogo ambayo Waswisi waliianzisha Ifakara mwaka 1957, na ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, imetumia miongo mingi kuuliza watu wa hapa wanapanda kitandani saa ngapi, wanaamka saa ngapi, wanalala wangapi chini ya chandarua kimoja, na wakihamia mashambani msimu wa mpunga wanalala wapi. Matunda yake si haba. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1997 kuuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, ulionyesha kuwa chandarua hicho kinaongeza uhai wa watoto wa chini ya miaka 5 kwa asilimia 27.

Huenda hakuna kitanda Afrika Mashariki kilichoandikiwa ripoti nyingi kama cha mkulima wa Kilombero. Ila swali siku zote lilikuwa kama amelala ndani ya chandarua. Kama alipata usingizi humo ndani, hiyo haikuwa kazi ya mtaalamu wa mbu, na wala hatumlaumu. Shida ni kwamba haikuwa kazi ya mtu mwingine pia. Kwa mwanamke wa Kiberege, humu bondeni, anayetibiwa saratani ya titi, suala hilo dogo ndilo linaloamua kama kesho yake atakula, atavumilia dripu nyingine, au atasema basi, yatosha.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya titi, na 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Tanzania ugonjwa huu unashika nafasi ya pili kwa wanawake, nyuma ya saratani ya mlango wa kizazi. Kuhusu usingizi, utafiti uliofanyika Quebec, Kanada, ukiongozwa na Josée Savard na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 962 wa saratani mbalimbali kwa miezi 18. Mwanzoni asilimia 59 walikuwa na dalili za kukosa usingizi. Mwishoni, wengi wakiwa wameshamaliza matibabu, bado asilimia 36 walikuwa wanagaragara. Wenye saratani ya titi ndio walioongoza. Na hao ni watu wa nchi ambako mgonjwa akipiga simu hospitali, kuna mtu anapokea.

Kwetu kuna tofauti moja inayobadili mpangilio wa kila kitu. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyotolewa Tanzania mwaka 2017 ilikadiria kuwa wanawake 8 hivi kati ya 10 hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Vitabu vingi vya tiba ya usingizi vimeandikwa kwa ajili ya mwanamke aliyegunduliwa mapema, akapasuliwa, akapona, na sasa anasumbuliwa na mawazo. Mama wa bondeni huwa na mawazo hayo hayo, lakini mara nyingi ana maumivu na kidonda pia. Ukianza kumfundisha kanuni za kulala wakati titi linawaka moto, umemtukana.

Kwa hiyo cha kwanza ni maumivu. Ukimya wa usiku huyakuza, maana mchana kuna wageni, watoto na kuku wa kufukuza. Morfini ya kunywa ni dawa nafuu, na hoja yake kubwa ni saa: kazi yake hudumu saa nne hivi, kwa hiyo aliyemeza saa mbili usiku ataamshwa na maumivu saa sita. Watoa huduma ya tiba shufaa wanalijua hili, na wana utaratibu wa kuongeza dozi ya mwisho ili ivuke usiku. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe, ila aseme. Cha pili ni kidonda kilichopasuka na kutoa harufu. Harufu hiyo ndiyo humfanya mama ahame kitanda cha ndoa na kwenda kulala na wajukuu, kisha akeshe akisikiliza kama kuna anayejigeuza kwa sababu yake. Metronidazoli, kidonge kinachopatikana karibu kila zahanati, kikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda hupunguza harufu sana. Kidonda kikisafishwa na kufungwa jioni badala ya asubuhi, usiku unakuwa mwingine. Aliyekatwa titi naye hajui alalie upande gani: wa mshono hauwezi, na wa pili mkono unavuta. Mto mdogo wa sufi ukiwekwa chini ya kwapa hubeba uzito wa mkono. Sufi bondeni haiagizwi kutoka nje.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Kwenye kibahasha cha dirisha la dawa, maelekezo huandikwa kwa mkato: 2 x 2. Karibu kila Mtanzania huyasoma hivi: viwili asubuhi, viwili usiku ukienda kulala. Kwa dawa nyingi hayana ubaya. Kwa deksamethasoni yana ubaya. Hii ni dawa ya jamii ya steroidi inayotolewa pamoja na tibakemia ili kuzuia kutapika, na kabla ya paklitakseli ili kuzuia mzio. Inafanya kazi kama homoni ambayo mwili wenyewe huimwaga kwa wingi kunapokaribia kucha. Ukiimeza saa tatu usiku, umeuambia mwili jua limechomoza. Mama atakaa macho makavu, mawazo yakienda mbio, na saa nane za usiku utamkuta anapanga vyombo. Asubuhi nyumba nzima inanong'ona kwamba ugonjwa umepanda kichwani. Pale ambapo daktari ameagiza dozi mbili kwa siku, ya pili ikimezwa saa nane mchana, mengi ya hayo hupungua. Gharama ya marekebisho haya ni wino wa kalamu moja.

Siklofosfamidi nayo humtaka mgonjwa anywe maji mengi ili kulinda kibofu. Maji hayo yakianza kunywewa asubuhi, safari nyingi za chooni huisha kabla ya giza. Yakikumbukwa jioni, ni kuamka mara nne, na choo kiko nje. Wala si elimu ngeni. Kliniki za VVU zilishapita darasa hili: efavirenzi ilimezwa wakati wa kulala kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto za kutisha, na ilipokuja dolutegraviri, waliolalamika kukosa usingizi wakaambiwa waihamishie asubuhi. Wauguzi wetu wanaweza kuuliza habari za usingizi. Wanauliza kwa ugonjwa ule, hawaulizi kwa huu.

Linafuata jasho. Wanawake wengi ambao uvimbe wao unategemea homoni hupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5, wakati mwingine 10. Kidonge hiki huzuia homoni ya estrojeni kuulisha uvimbe, na malipo yake ni joto la ghafla kama la mwanamke anayekoma hedhi. Tibakemia yenyewe inaweza kuzimisha ovari na kuleta hali hiyo hiyo kwa mwanamke wa miaka 38. Joto hilo linapanda kifuani na usoni, linadumu dakika chache, jasho linamwagika, kisha baridi inaingia. Usiku linaweza kuja mara tano.

Bondeni jasho la usiku lina tafsiri moja tu, nayo ni malaria. Basi mama atapelekewa dawa ya mseto bila kupimwa, atamaliza dozi, na wiki ijayo jasho liko pale pale. Kipimajoto ndicho mwamuzi. Joto la tamoksifeni huja na kuondoka na mwili hauna homa. Kama kuna homa, kipimo cha haraka cha malaria kipo. Lakini kwa anayeendelea na tibakemia, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa zimeshuka, na maambukizi madogo yakaua ndani ya siku moja au mbili. Huyo hasubiri kuche wala hajaribu mseto. Anapelekwa hospitali usiku huo huo. Na jasho linaloambatana na kikohozi cha wiki kadhaa na kukonda, hilo lipimiwe kifua kikuu, hata kama saratani tayari inatosha kueleza kila kitu.

Kwa jasho la tamoksifeni, tiba ya kwanza ni ya kawaida mno: khanga ya pamba badala ya blanketi la nailoni, maji ya kunywa karibu na kitanda, kipande cha boksi cha kujipepea, na chandarua kipana kilichoning'inizwa juu ili kisigande mwilini. Kishawishi ni kukiondoa kabisa. Wanasayansi wa Ifakara wametumia maisha yao kutueleza kwa nini hilo ni wazo baya. Kishawishi cha pili ni kuacha kidonge kimyakimya, na hilo ni baya zaidi, kwani huongeza hatari ya saratani kurudi. Zipo dawa zinazopunguza joto hilo, kama venlafaksini na gabapentini, pale zinapopatikana. Ila mwenye kupewa dawa ya sonona aseme kwamba anameza tamoksifeni, maana fluoksetini na paroksetini huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa katika hali yake yenye nguvu.

Mionzi ina namna yake ya kuharibu usiku. Kutoka Kiberege hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni karibu kilometa 400, kwa basi kupitia Mikumi au kwa treni ya TAZARA, kwa mwenye siku ya kupoteza. Taasisi hiyo, iliyomo katika majengo ya hospitali ambayo Wajerumani waliifungua mwaka 1897 na ambayo ilipewa mamlaka yake yenyewe mwaka 1996, hutibu watu wa kila mkoa. Mionzi ya titi hupigwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano. Kila siku ni dakika chache kwenye mashine na saa nyingi kwenye foleni. Usiku mama analala kwa ndugu, na kwa ndugu maana yake ni sebuleni. Godoro haliwezi kutandikwa kabla televisheni haijazimwa, na saa kumi na moja alfajiri watoto wa shule wanampitia miguuni. Hakuna aliyekosea, nyumba ni ndogo. Uchovu wa mionzi nao huongezeka wiki hadi wiki, kwa hiyo anasinzia kwenye benchi mchana kutwa na usiku anahesabu mabati. Mwenyeji anayetaka kusaidia ampe kona iliyo mbali na mlango, na kusinzia kwa mchana kusizidi nusu saa wala kusivuke saa tisa.

Hayo yote yakishafanyika, maumivu yametulia na dawa ziko kwenye saa zake, wapo ambao bado hawalali. Hapo ndipo kanuni za kulala zinapopata nafasi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman alipanga sababu za kukosa usingizi katika mafungu matatu: zile mtu alizozaliwa nazo, zile zilizoanzisha tatizo, na mazoea yanayoliendeleza hata baada ya chanzo kupita. Saratani iko katika fungu la pili. La tatu, kwa Kiberege, limejaa huruma ya ndugu. Shangazi anasema pumzika. Binti anasema mama, lala, vyombo niachie mimi. Saa moja na nusu usiku mgonjwa ameshaingizwa kitandani, na hatarajiwi kutoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hizo ni saa 11 kitandani kwa mwili unaoweza kulala saa tano au sita. Zinazobaki ni za kuwaza: ada, mume, shamba la ng'ambo ya mto ambalo mwaka huu hakuna wa kulinda ndege.

Tiba inakwenda kinyume na huruma hiyo. Anayelala saa sita, akae kitandani saa sita: apande saa tano usiku, aamke saa kumi na moja alfajiri, kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Karibu muda wote huo ukishajaa usingizi kwa wiki moja, anaongezewa robo saa. Hapunguziwi chini ya saa tano, na mwenye kifafa au maradhi ya akili yenye vipindi vya msisimko asifuate njia hii bila mtaalamu. Siku za mwanzo ni ngumu, si kwa mgonjwa peke yake. Kumwambia mkwe mgonjwa asilale hadi saa tano ni kujitafutia maneno ukoo mzima.

Kanuni ya pili, ya mwanasaikolojia Richard Bootzin tangu mwaka 1972, inasema kitanda ni cha usingizi na tendo la ndoa tu, na usingizi usipokuja uondoke, uende chumba kingine. Chumba kipi? Nyumba nyingi za hapa chumba kingine kina watoto watano, na nje kuna mbu wale wale walioipatia Ifakara jina duniani. Namna ya kuifuata bondeni ni mkeka pembeni ya kitanda, mwili umefunikwa, taa hafifu, na kazi isiyotaka akili: rozari, tasbihi, kusuka ukili. Usingizi ukianza kulemea macho, arudi ndani ya chandarua. Bootzin angeweza kupinga, lakini hakupata kulala Kiberege.

Kanuni hizi mbili ni sehemu ya tiba ya mazungumzo na mazoea, ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja kuwa ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, kabla ya kidonge chochote. Wanawake waliopona saratani ya titi nao wamejaribishiwa tai chi, mazoezi ya polepole ya Kichina. Michael Irwin na wenzake wa Los Angeles waliwagawa wanawake 90 katika makundi mawili, na mwaka 2017 wakaripoti kuwa miezi 15 tangu kuanza, tai chi haikuzidiwa na tiba ya mazungumzo. Hatuna haja ya kuagiza mwalimu kutoka China. Mwendo wa polepole wa kila jioni, na mwenzako wa kuongea naye, uko ndani ya uwezo wa kijiji.

Dukani hali ni nyingine. Asiyelala Tanzania hununua piritoni, dawa ya mafua na kuwashwa, kwa sababu inalegeza. Inalegeza kweli, na asubuhi bado inalegeza, kisha baada ya siku chache mwili unaizoea. Diazepamu, ambayo kisheria inahitaji cheti, huleta usingizi haraka na mazoea haraka. Ikichanganywa na morfini inaweza kupunguza pumzi hadi ikakatika. Pombe humpa mtu usingizi wa mapema na kuuvunja usiku wa manane. Nafasi ya vidonge ipo, kwa siku chache na kwa mkono wa daktari, mathalani amitriptilini kidogo kwa ganzi na kuwaka kwa nyayo kunakosababishwa na paklitakseli.

Swali la mwisho ni nani atakayeifanya kazi hii, maana wanasaikolojia bondeni ni wa kutafuta kwa tochi. Majibu mawili yapo karibu. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wa makamo wa mtaani, wanaoitwa bibi, kuketi na mwenye mawazo mazito kwenye benchi la zahanati na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa sonona ilipungua. Na Kilombero yenyewe ilishakuwa na watu wa namna hiyo: kuanzia mwaka 2011 mradi wa Connect uliwaajiri na kuwalipa Wawezeshaji wa Afya ya Jamii, WAJA, katika vijiji vya Kilombero, Ulanga na Rufiji, wakiwa wamechaguliwa na wanakijiji wenzao. Savard naye, katika utafiti wa mwaka 2014 kwa wanawake 242 wenye saratani ya titi, alikuta kuwa hata mafunzo ya video yalikuwa na faida kuliko kuachwa hivi hivi, ingawa mtu wa ana kwa ana alifanya vizuri zaidi. Mtu tunaye.

Maswali ya kumpa ni manne, nayo yanafuata mpangilio ule ule. Usiku kuna kinachouma au kinachonuka? Dawa zako unameza saa ngapi, si mara ngapi? Jasho likija, je, kipimajoto kinasema nini? Na unapanda kitandani saa ngapi, unatoka saa ngapi? Kila jibu lina hatua yake, na nyingi hazimtoi mgonjwa kijijini. Kasoro ya tiba hii ni kwamba haina mfanyabiashara: hakuna kampuni itakayochapisha kalenda ya ukutani kutangaza saa nane mchana. Kwa hiyo itabidi itangazwe na aliyeshika kalamu kwenye dirisha la dawa, na kazi hiyo inaweza kuanza kwa kibahasha kinachofuata.